Adero Yuko Ndani

Jumapili, 10 Septemba 2023

Mume wangu Ogwang amenikataza kumpigia simu kila nikiogopa. Kule Karamoja kambini kwao mtandao unashika juu ya jiwe moja tu. Akipanda jiwe halafu akaambiwa kwamba nimesikia panya darini, askari wenzake wanamcheka wiki nzima. Kasema hofu zako andika, nikirudi nitazisoma zote pamoja. Haya. Hofu ya kwanza.

Mama Kamis ameondoka. Ndiye jirani anayenishikia mtoto hapa Kamwokya nikienda kazini. Dada yake amejifungua Arua, amepanda basi na Kamis wake mgongoni, mpaka Jumapili ijayo. Aliniambia akiwa tayari juu ya boda. Nikamwambia safari njema.

Adero wangu bado hajafika hata mwaka. Amelala hapa chini, kashika kidole changu cha mguu kama mtu anayejua kuna jambo.

Kazi yangu ni mapokezi, kituo cha michezo cha chuo, upande wa Nakawa. Kuna bwawa, jimu na chumba cha mvuke. Safinah anakaa asubuhi, mimi mchana mpaka kufunga. Tunaangalia kompyuta, kadi, na geti la chuma linalozunguka. Kadi nzuri, taa ya kijani, unapita. Kadi mbaya, taa nyekundu, na mashine inalia kama mbuzi wa sikukuu. Watoto hawaruhusiwi kabisa. Msichana aliyenitangulia alileta wake siku moja tu. Siku ya pili kiti chake kilikuwa kitupu, nikakikalia mimi. Mpaka leo nakikalia nusu.

Kwenye usaili nilisema mtoto yuko Kitgum kwa bibi yake. Ijumaa hii meneja anaamua kama nathibitishwa. Nikikosa, uongo ule unakuwa kweli. Mama mkwe alishasema: hakuna kazi Kampala, basi Adero analelewa Kitgum. Mtoto ana jina lake, yeye humwita somo wangu, na kila akilitamka neno hilo nasikia mkono unamvuta mtoto kutoka kifuani kwangu.

Nina mpango. Mfuko mkubwa wa mataulo.

Jumatatu, 11 Septemba

Mpango haukufaa.

Nilimnyonyesha akalala, nikamweka kwenye mfuko, zipu wazi apumue, taulo moja juu. Nikagusisha kadi. Kijani. Nikapita na mfuko mbele. Mbuzi akalia.

Sikujua kuna jicho. Liko pembeni ya geti, dogo kama kifungo cha shati. Linahesabu. Kwenye kompyuta ikaandikwa kadi moja, miili miwili.

Meneja akatoka ofisini. Bwana Erinayo ni mtu wa Masaka, Kiswahili alijifunzia kwenye kampuni ya ulinzi, na kwake L na R ni mapacha, hajui yupi ni yupi. Kila mwanamke humwita nyabo, yaani bibi. Akaniuliza, "Nyabo Aol, habali? Nini kiko kwa mfuko?" Mfuko ukajinyoosha. Nikasema kuku.

Akaangalia mfuko muda mrefu. Akasema kuku pia haluhusiwi. Akasema hapa hakuna kiumbe kinapita bila kadi, "kira mtu, kira kitu". Kuku akitaka kuogelea aje na kadi yake. Akacheka mwenyewe. Mimi nilicheka mpaka machozi, lakini yale machozi hayakuwa ya kicheko.

Nikatoka mbio na kuku wangu mpaka getini kwa Victoire, mama Mkongo anayekaanga mandazi. Akampokea bila swali, akamkalisha kwenye beseni jipya la unga. Jioni namfuata, mtoto mweupe kama mzuka, anacheka. Victoire kasema, "Mama Adero, niletee kila siku, mie mkono wa kushoto hauna kazi." Nikamshukuru. Lakini nililiona lile karai la mafuta. Usiku huu najua nitaliota.

Bwana Erinayo hajui kwamba amenipa akili. Kila kiumbe na kadi yake.

Jumanne, 12 Septemba

Adero ni mwanachama.

Safinah alipoondoka nikafungua ukurasa wa kuandikisha. Mikono ilitetemeka, herufi zikaja mbili mbili. Kompyuta ikataka mwaka wa kuzaliwa. Nikaandika wa kweli, ikakataa, nyekundu. Nikaandika 1963. Ikakubali kwa heshima. Ikataka aina ya uanachama. Nikachagua Mgeni wa Heshima, maana hiyo peke yake haidai risiti. Ikataka picha ya uso. Uso wa Adero si wa mwaka 1963. Nikapiga picha ya pazia, lile la maua makubwa. Mashine ikatafuta, ikatafuta, ikaona macho mawili kati ya maua, ikasema asante.

Sasa jina. Hapa nilitumia kichwa. Mtu akiona Adero atauliza, huyu ni wa kwenu? Nikaondoa R nikaweka L. Adelo. Nani atajua? Nilisoma mpaka Senior Two tu, lakini mwalimu wangu angekuwepo angepiga makofi.

Kadi mbili. Yake ikasoma, nikasukuma mfuko, kijani. Yangu ikasoma, nikapita, kijani. Jicho likahesabu wawili, kadi mbili, likanyamaza. Kwenye kompyuta: ADELO YUKO NDANI. Nikahisi kama nimeandikishiwa mtoto mbinguni.

Nimempangia kitanda kwenye stoo ya mataulo, chini ya rafu, mbali na mlango. Kadi nikamvalisha shingoni. Sheria ni sheria.

Jumatano, 13 Septemba

Mtoto alilia saa ya mazoezi ya wahadhiri. Nikaongeza muziki. Akaongeza na yeye. Nikaongeza tena. Mwalimu wa mazoezi akadhani ni sauti mpya kwenye wimbo, akawaambia wahadhiri kila ikilia hivyo warushe mguu wa kulia. Walirusha miguu mpaka Adero akapitiwa na usingizi. Mwalimu kaniomba jina la wimbo.

Safinah hakwenda nyumbani leo. Alizunguka zunguka. Ana binti wa dada yake anayetaka kiti changu, wala hafichi. Akaokota soksi kwenye korido, akaishika kwa vidole viwili. Akasema, "Nyabo, kuna mwanachama mwenye mguu mdogo sana." Nikasema soksi za siku hizi zikifuliwa zinanywea. Akaniangalia kama mtu anayeangalia maziwa yakikaribia kufura.

Halafu ikaja habari yenyewe. Bwana Erinayo akatukusanya, sisi wawili, akasimama kama tuko mia. Kamati ya michezo ya chuo ina mwenyekiti mpya. Atakuja Ijumaa jioni kuonyeshwa kituo. Anaitwa Profesa Adero.

Nikashika meza.

Akamwambia Safinah amwandalie kadi. Safinah akajibu ameshaandaa tangu asubuhi, tena kazi ilikuwa nyepesi, maana amemkuta kwenye kompyuta, kaandikishwa tayari. Mwaka unafanana, heshima ipo. Picha tu ilikuwa imeharibika, inaonyesha maua, ameweka ya kweli aliyotumiwa na ofisi kuu, akatoa kadi nyingine.

Nikauliza kwa sauti ya mbu, si imeandikwa Adelo? Safinah akasema ndiyo, Adero. Nikasema Adelo. Akasema si ndiyo hiyo, Adero, kwani mimi nimesema nini?

Wakaniangalia wote wawili. Safinah naye ni mtu wa Masaka kama meneja; kwao nilikuwa narudia neno moja. Mungu wangu, nilijificha nyuma ya herufi ambayo watu hawa hawaisikii.

Kwa hiyo sasa ni mtu mmoja, kadi mbili. Moja iko kwenye bahasha kwa Profesa. Nyingine inatafunwa na mtoto stooni. Na mashine hii ina tabia: mtu aliye ndani haimruhusu kuingia tena mpaka atoke kwanza.

Sijala chakula cha usiku.

Alhamisi, 14 Septemba

Nilitaka kumfuta Adelo. Kompyuta ikadai kidole cha meneja. Nikafikiria kidole cha meneja kutwa nzima. Hakuna namna ya kukiomba.

Mambo yamekuwa mabaya zaidi. Bwana Erinayo amechapisha karatasi ya mahudhurio. Akatoka nayo ofisini akiwa amekauka midomo. Akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba Plofesa anakuja tangu Jumanne. Kila siku. Anaingia saa ya zamu yangu, anakaa mpaka kufunga. Na sasa hivi yuko ndani.

Nikasema kweli?

Akasema hii ni hatali, mama huyu anatukagua kwa siri. Ati nimeshamwona? Nikasema sijawahi kumwona mtu mzima wa namna hiyo. Hapo sikudanganya.

Akaanza kuzunguka jengo. Akafunga kifungo cha shingo. Akaandika "tafadhali" kwenye kila tangazo, hata kwenye lile la hatari ya umeme. Akasimama nje ya chumba cha mvuke cha wanawake akasema kwa sauti kubwa, akiongea na ukuta, kwamba usafi wa hapa anausimamia mwenyewe. Wanawake waliokuwa ndani wakajifunga mataulo wakatoka kwa mlango wa nyuma.

Halafu akaja kusimama mbele ya stoo ya mataulo.

Adero ndani akacheua. Nilisikia wazi. Bwana Erinayo naye alisikia. Akainamisha kichwa, akasema, "Samahani, Plofesa," akarudi nyuma kwa vidole vya miguu.

Niliingia stooni nikamfuta mtoto mdomo.

Victoire amesema tena kesho nimwachie mtoto. Kasema atahamisha jiko upande wa pili. Mtu mwema. Lakini barabara pia ipo hapo, na barabara haihamishiki. Nina mpango bora. Profesa anakuja jioni. Mimi naingia na Adero mchana, halafu mapema, kabla ya jioni, nagusisha kadi yake kwenye mashine ya kutokea. Kompyuta itasema Adero ametoka. Mtoto atabaki stooni. Profesa ataingia kijani. Rahisi.

Ijumaa, 15 Septemba

Naandika nimelala chali.

Nilimwingiza vizuri. Nikamlaza. Nikasubiri nafasi ya kuchukua kadi yake. Bwana Erinayo hakuondoka mapokezi hata dakika. Anafuta kaunta ambayo nimeshaifuta. Karatasi ya kunithibitisha ilikuwa mfukoni mwake, naiona pembe. Kila nikisimama ananiuliza nyabo unaenda wapi. Safinah naye amebaki, amevaa hijabu mpya, amekaa kama mtu aliyekata tiketi.

Profesa hakuja jioni. Alikuja jua likiwa bado kichwani.

Mama mrefu, viatu vyenye vumbi jekundu, anatembea kama mwenye nyumba. Bwana Erinayo akamwangalia, akaangalia korido, akamwangalia tena. Akasema, "Plofesa, umetoka saa ngapi?" Profesa akasema ametoka ofisini sasa hivi. Akatoa kadi, akagusisha.

Nyekundu. Mbuzi. Na kwenye kioo, herufi kubwa kabisa: ADELO YUKO NDANI.

Watu wa jimu wakatoka na jasho lao kuangalia. Profesa akauliza niko ndani ya nini? Bwana Erinayo akasoma kioo, akamsoma Profesa, na nikaona wazo linaingia kichwani mwake kama gari kubwa linaingia uchochoro. Akasema basi kuna mwizi. Kuna mtu anatumia jina la Plofesa, tangu Jumanne, na yuko ndani sasa. Akaamuru geti lifungwe. Akasema kipekuliwe kira chumba.

Safinah akasema ufunguo wa stoo anao yeye.

Nilikimbia. Nina miguu, lakini yeye alikuwa karibu zaidi. Nilipofika kona, mlango ulikuwa wazi, na mwizi alikuwa anatoka. Kwa magoti. Taulo la chuo kichwani, kadi shingoni inaburuta sakafuni tik tik tik. Akapita katikati ya miguu ya Safinah, akapita mbele yangu, Mungu akanisaidia hakusema mama. Akaenda moja kwa moja mpaka getini akakaa chini, akamwangalia Profesa, akacheka kwa yale meno yake mawili.

Nilikuwa nimeshika ukuta. Niliiona barabara yote ya kwenda Kitgum. Niliona mlango wa mama mkwe, niliona mikono yake imenyooka kupokea.

Bwana Erinayo akainama akasoma kadi. Adelo. Mgeni wa Heshima. Kuzaliwa 1963. Halafu Safinah akasema, taratibu, kama anapakua chakula, kwamba mtoto huyu anafanana sana na mtu fulani hapa, hasa kwenye masikio.

Profesa alimgeukia meneja, akamuuliza karatasi yake inasema huyu Adelo amekuwa hapa siku ngapi. Bwana Erinayo akasema tangu Jumanne, madamu, mchana mpaka kufunga, kira siku. Profesa akatazama vumbi la viatu vyake. Akauliza, na hiyo imeandikwa? Ina muhuri wa mashine? Meneja akasema ndiyo, iko hapa.

Profesa akainama akamwinua Adero, akamkalisha kiunoni. Akasema kwa sauti ya darasani: "Huyu ni somo wangu. Nilikuja naye. Mnataka nimwache wapi mtoto nikiwa kazini, kwenye paa?"

Bwana Erinayo akasema hapana, madamu. Akasema si kwenye paa.

Profesa akasema amekuwa akikagua kituo wiki nzima, ndiyo, kimya kimya, na ameona mengi. Akaniangalia mimi pale ukutani. Akasema msichana huyu wa mapokezi ndiye pekee aliyejua, na hakumwambia mtu, na watu wa namna hiyo hawapatikani. Akauliza ameshathibitishwa? Bwana Erinayo akatoa karatasi mfukoni akaisaini juu ya mgongo wa Safinah, maana kaunta ilikuwa na maji.

Nilimpeleka Profesa kwenye maji ya kunywa. Tulipobaki peke yetu akanirudishia mtoto, mtoto akarukia ziwa langu hapo hapo, siri ikaisha. Akasema kwa chini, kwa lugha ya kwetu, kwamba wiki hii alitakiwa kuwa hapa akikagua, amwandikie mkubwa wa chuo ripoti. Alikuwa Kasubi, anasimamia mafundi wa nyumba yake, maana ukiwaacha mafundi peke yao wanajenga nyumba ya mtu mwingine. Akaniomba nimchapie ile karatasi ya saa zake. Zote. Na ya Jumatatu je, mtoto hakuja? Nikasema alikuja, lakini aliingia kama kuku. Akasema basi.

Nimethibitishwa. Adero habanduki kwangu. Moyo bado unapiga kama mtu anayedai chake mlangoni.

Jumapili, 17 Septemba

Mama Kamis amerudi, na ndizi na kikohozi. Kasema kuanzia kesho ataendelea kumshika Adero. Tatizo langu limekwisha kabisa.

Ila amepata nafasi ya kusuka saluni hapa Kamwokya asubuhi na mchana, na bosi wa saluni hataki watoto wawili, mmoja tu anavumilika. Kamis ana miaka miwili na anauma, kwa hiyo anayevumilika ni Adero. Mama Kamis akauliza atafanya nini, bambi, maskini yeye, akalia kidogo.

Nilimwonea huruma. Mimi najua hofu ile. Nikamwambia Kamis niachie mimi.

Kwa Victoire? akauliza. Nikamwambia hapana, kule kuna mafuta.

Jumatatu, 18 Septemba

Ogwang amepiga simu kutoka jiweni. Nilimweleza yote, tangu kuku. Alicheka mpaka nikasikia askari wengine wanacheka bila kujua wanacheka nini. Halafu akawa makini, sauti ya mume. Akauliza, sasa Aol, kwa hayo yote, somo umelipata?

Nikamwambia ndiyo. Ni Profesa Adero.

Nadhani hapo mtandao ulikatika.

Safinah haongei nami, ananitabasamia tu, na tabasamu lile naliogopa kuliko mbuzi. Lakini ameondoka mapema, na kompyuta ilikuwa yangu peke yangu. Safari hii sikutetemeka sana. Mwaka wa kuzaliwa, 1970. Mgeni wa Heshima. Jina nimefikiria vizuri, sikugusa L wala R, hayo mambo nimeyaacha. Kamis nimeondoa K nikaweka H. Hamis. Nani atajua?

Bwana Erinayo alipita akasema tujiandae, Ijumaa anakuja mkaguzi wa moto kutoka polisi, mtu mkali, Afande Hamis wa kitu gani sijui. Sikusikiliza mpaka mwisho, nilikuwa napiga picha.

Pazia limetoka vizuri kuliko mara ya kwanza.